Mtihani wa Mdomo

Kule Bukavu alikotoka Apolline, mwalimu wa chuo aliyejiheshimu hakutahini kwa karatasi. Karatasi zilikuwa za wavivu. Mtihani wa kweli ulikuwa wa mdomo: mwanafunzi anaingia amevaa shati lake la Jumapili, anaokota swali kwenye bakuli, anapewa dakika kumi za kufikiri, kisha anasimama mbele ya mwalimu na kusema anachokijua. Hapo hakuna pa kujificha. Mwalimu anaandika alama zake juu ya ishirini, anajaza hati ya kikao ambayo wao huiita pevee, anatia sahihi, mambo yamekwisha. Apolline alitahini hivyo kwa miaka sita, na katika miaka yote hiyo hakuna mtu aliyemwambia alete kijitabu cha majibu.

Hili lisemwe mapema, maana baadaye walitokea watu wa kusema kwamba alifanya hila. Hila hakuwa nayo. Alikuwa na mazoea, na mazoea ni mabaya kuliko hila, kwa kuwa mwenyewe hayaoni.

Vita vilimleta Nakivale, kambi ya wakimbizi huko Uganda, akapewa kiwanja mtaa wa Rubondo, akalima maharage miaka minne na mama yake mzazi huku shahada zake zikikaa ndani ya mfuko wa plastiki chini ya godoro. Kisha chuo kimoja cha binafsi kilichoko kilimani, nje kidogo ya mji wa Mbarara, kikapata wanafunzi thelathini wakimbizi kutoka Nakivale na Oruchinga, wote wakisomeshwa na shirika moja la kigeni. Wafadhili waliuliza: na walimu wakimbizi mnao wangapi? Chuo kikatafuta mmoja, kikampata Apolline, kikampa mkataba wa muhula mmoja mmoja. Alijua vizuri kwamba ameitwa ili idadi itimie. Hilo halikumnyima usingizi. Mtu aliyeinama na jembe miaka minne hachagui mlango wa kuingilia.

Katika wale thelathini alikuwemo Concilie, Mrundi wa miaka ishirini na miwili, asiyeona. Macho yalimpotea akiwa na miaka kumi na mitatu, palepale Rubondo, kwa ugonjwa ambao daktari alikuja kuutambua wakati ulikuwa umeshamaliza kazi yake. Alisoma kwa masikio tangu hapo. Alitaka kuwa mwalimu wa shule ya msingi, tena alikuwa ameshachagua na darasa: la tatu, maana watoto wengi wa kambi huachia hapo, na alidai anajua kwa nini. Hakuwa mnyenyekevu hata kidogo. Darasani aliinua mkono kabla swali halijaisha, na akikosea alibisha dakika nzima kabla ya kukubali. Apolline alimpenda kwa hilo, na alimpenda kwa kuwa wanatoka kanda moja, na alimpenda pia kwa namna ile watu wazima humpenda kilema anayejitahidi. Mapenzi ya aina hii ya mwisho hakuwahi kuyachunguza.

Sharti la shirika lilikuwa moja na lilikuwa kavu. Mwanafunzi atakayekosa mtihani wa somo hata moja, bila sababu inayokubaliwa na chuo, anaondolewa. Kwa Concilie kuondolewa maana yake ilikuwa kurudi Rubondo, kukaa kwenye kigoda mlangoni na kuchambua maharage ya watu mpaka azeeke.

Mwezi wa tatu chuo kiliwapeleka wahadhiri wake kwenye mafunzo. Yalifanyika hotelini mjini Mbarara, siku tatu, chai na sambusa saa nne, na bango refu ukutani lenye maneno Ufundishaji Jumuishi. Mkufunzi alikuwa mama wa Kampala aitwaye Constance, mwenye sauti ya upole na kalamu za rangi nne. Apolline aliandika kila kitu. Siku ya pili Constance alisema neno lililomwingia mpaka kwenye mifupa: kila mwanafunzi apewe njia yake ya kuonyesha anachokijua. Apolline akainua mkono, akasimama, akaeleza mtihani wa mdomo wa kwao, bakuli na vikaratasi na dakika kumi. Alikuwa hajasikilizwa na watu wazima arobaini kwa wakati mmoja tangu avuke mpaka. Walipiga makofi. Constance aliandika maneno yake kwa kalamu nyekundu kwenye karatasi kubwa, mpiga picha akampiga picha akiwa amesimama kando yake. Hata Dokta Mutabazi, mkuu wa kamati ya mitihani, aliweka simu chini akapiga makofi.

Siku ya tatu walimaliza mapema. Ulibaki ukurasa mmoja wa mwongozo haujasomwa, ule wa kanuni za chuo na haki za mtahiniwa, lakini vyeti vilikuwa vimefika na mpiga picha alikuwa na harusi ya kuwahi. Constance alisema watausoma wenyewe nyumbani. Kati ya watu arobaini, aliyeusoma labda ni yule aliyeuchapa.

Mtihani wa Apolline, somo la Saikolojia ya Mtoto, uliangukia Jumanne moja ya mwezi wa sita. Saa tatu kamili asubuhi ukumbi ulikuwa umejaa na maswali yamegawiwa. Concilie alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango, fimbo nyeupe imekunjwa mapajani, anamngoja mwandishi. Ndivyo chuo kilivyokuwa kimepanga: mwandishi anamsomea maswali, yeye anatamka majibu, mwandishi anayaandika kijitabuni neno kwa neno. Kazi hiyo ilikuwa ya Liliane, karani wa ofisi ya usajili. Saa tatu na robo Liliane alikuwa bado hajatokea. Apolline alimpigia simu, akamkuta mjini, kwenye hoteli ileile. Awamu ya pili ya mafunzo ya wahadhiri ilikuwa imeanza asubuhi hiyo, na mkuu wake alikuwa amemtuma akaandikishe washiriki. Liliane alisema anatafuta boda, anakuja.

Mtu acheke au alie, ni juu yake. Mwandishi pekee wa mwanafunzi pekee asiyeona alikuwa amechukuliwa akagawe kalamu kwa watu wanaofundishwa wasiwasahau wasioona.

Apolline alisimama mlangoni, akatazama barabara, akatazama saa. Ndani wenzake Concilie walikuwa wameinama, hakuna kinachosikika ila kalamu. Yule binti amekaa wima, uso ameuelekeza mbele, mikono mitupu. Apolline hakuweza kuvumilia kumtazama. Ndipo makofi ya hotelini yalipomrudia masikioni, na Bukavu yake ikamrudia pamoja nayo, akaona jambo zima ni jepesi. Akamwachia ukumbi msimamizi mwenzake, akamwinamia Concilie.

"Twende ku biro yangu," alimnong'oneza. "Nitakuuliza na mudomo, tunamaliza."

Concilie alisema neno. Apolline hakulitilia maanani, alikuwa ameshamshika mkono na wote wawili walikuwa wameshasimama. Walipita koridoni, wakapanda ngazi, wakaingia ofisini na kufunga mlango.

Mtihani ulichukua dakika arobaini. Ulikuwa mtihani mzuri, Apolline angeapa kwa hilo mbele ya yeyote. Bakuli hakuwa nalo, alitumia kikombe. Alimsomea maswali kwa Kiingereza kama yalivyoandikwa, kisha akamwambia ajibu kwa lugha inayomjia, na Concilie akajibu kwa Kiswahili cha Rubondo na Kifaransa cha shule, mwanzoni kwa sauti ndogo, baadaye kwa ule ubishi wake wa kawaida. Swali la kwanza na la pili aliyatafuna. Swali la tatu, juu ya hatua za kukua kwa fikra za mtoto, alifika hatua ya mwisho akakwama. Apolline akamsukuma kidogo, kisha akamsukuma tena, mpaka jibu likawa limekaa mdomoni na kilichobaki ni kulitamka. Concilie akalitamka. Apolline akaandika kumi na sita juu ya ishirini. Kwao alama hiyo huwapa watu sherehe.

Kisha akaketi akaandika pevee, ukurasa mzima, kwa Kifaransa, maana pevee hakuwahi kuiona kwa lugha nyingine. Aliweka tarehe, saa, maswali, alama na sahihi yake yenye mkia mrefu. Akaiweka juu ya vijitabu vya wenzake Concilie, akafunga kwa kamba na kukabidhi ofisi ya mitihani. Siku hiyo alikula chakula cha mchana kwa raha.

Matokeo yalibandikwa ubaoni wiki ya pili ya mwezi wa saba. Rafiki yake Concilie alimsomea mstari wake kwa kidole: somo hili sitini na nane, somo hili hamsini na tisa. Kwenye Saikolojia ya Mtoto palikuwa na neno moja tu, kwamba hakuwepo. Concilie alimpigia Apolline simu akiwa bado amesimama pale ubaoni, watu wakimpita huku na huku.

"Madamu," alisema, "wameandika sikufanya mutihani."

Apolline alimwambia ni kosa la karani, litarekebishwa kabla ya saa sita. Akaenda kwa Dokta Mutabazi mbiombio, akiwa na hasira za mtu mwenye haki.

Mutabazi alikuwa mtu mrefu, mwenye adabu. Alikulia kwenye kambi ya jeshi ambako baba yake alikuwa sajini na Kiswahili ndiyo lugha ya askari, basi kila alipotaka kumwonyesha mkimbizi ukarimu alizungumza naye Kiswahili. Alimvutia kiti. Juu ya meza ile pevee ilikuwa imelala peke yake.

"Nyabo," alianza, neno ambalo kwao ni bibi, "hii karatasi ni ya lugha gani?"

"Kifaransa, Dokta. Ni pevee ya mutihani wa Concilie."

"Mimi natafuta kijitabu. Kijitabu iko wapi?"

"Kijitabu hakuna. Alijibu na mudomo. Kule ku hoteli balituambia kila mwanafunzi apewe njia yake. Na wewe ulikuwa pale, ulipiga makofi."

"Makofi ni ya semina, nyabo," alisema Mutabazi bila ukali. "Hapa ni mitihani. Mtahini wa nje akikuja, yeye nasoma kijitabu. Nitampa yeye nini asome? Nitampa sauti?"

Akamhesabia kwa vidole. Kijitabu hakuna. Msimamizi wa pili hakuwepo. Lugha ya mtihani, alipouliza, ilikuwa Kiswahili na Kifaransa ilhali lugha ya chuo ni Kiingereza. Kidole cha nne alikikunja akitazama dirishani, akasema mtahini na mtahiniwa wote ni watu wa Rubondo.

"Na hiyo ina makosa gani?"

"Mimi sisemi ina makosa. Nasema watu itaongea. Watasema wakimbizi wanapeana maksi wao kwa wao. Halafu hao wote thelathini, maksi zao itakuwa na harufu."

Hasira zilimwisha Apolline mara moja, mahali pake pakaingia baridi. Aliona kwa mara ya kwanza alichokifanya: alikuwa amemwingiza yule binti chumbani, akafunga mlango, na kumtoa humo akiwa mtu ambaye hakufanya mtihani. Aliuliza kama atahiniwe upya kesho, leo, sasa hivi.

Mutabazi akatikisa kichwa. Marudio yalikuwepo, mwezi wa nane, lakini yalikuwa ya mwenye sababu. Alieleza polepole, kama anayemwelekeza mgeni njia. Kama mwanafunzi aliondoka ukumbini kwa hiari yake, hiyo ni kukimbia mtihani, na shirika litamtoa siku hiyohiyo. Kama mwanafunzi alitaka kubaki na mwalimu ndiye aliyemtoa, kosa ni la mwalimu, na mwanafunzi anafanya mwezi wa nane kama vile ni mara yake ya kwanza.

"Lakini lazima yeye mwenyewe aseme," aliongeza. "Mbele ya kamati. Sio wewe kusemea yeye."

"Na mwalimu?"

Mutabazi alifunga faili. "Mkataba yako inaisha mwezi hii, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Kale," alisema Mutabazi, yaani sawa kwa lugha ya kwao, na akainuka kumfungulia mlango.

Jumapili Apolline alikwenda Rubondo kwa kina Concilie. Misa ilikuwa imekwisha, mama yake amekwenda kisimani, na Concilie alikuwa amekaa nje, beseni la maharage magotini, anayapapasa na kutupa mawe. Apolline alivuta kigoda. Njia nzima alikuwa akiyapanga maneno, na kadiri alivyoyapanga ndivyo alivyojisikia vizuri. Hili lazima lisemwe pia: alijisikia mtu mwema. Alikuwa anaingia motoni kwa ajili ya mtoto wa watu, na wema huo ulikuwa na utamu wake, akaulamba toka Mbarara mpaka Rubondo.

"Sikiliza, mwana wangu," alisema. "Siku ya Alhamisi ba kamati batakuuliza. Utabaambia mimi ndiye nilikutosha inje ya sale ya mutihani. Utasema ulitaka kungojea Liliane, mimi nikakatala. Nilikushika mukono, nikakupeleka. Ni ivyo tu."

Vidole vya Concilie vilisimama ndani ya maharage. "Hiyo ni kukushitaki, Madamu."

"Ni kusema tu."

"Watakufukuza."

"Mimi niko mutu mukubwa. Nilikuwa na kazi ingine mbele ya hii, nitapata ingine nyuma yake. Wewe ukitoka pale hautapata fasi ingine. Usifikiri mingi."

Concilie alikaa kimya kitambo kirefu. Kuku alipita akaiba maharage mawili, hakuna aliyemfukuza. Mwishowe alisema, "Basi nitasema, Madamu," na Apolline aliona huruma iliyochanganyika na kiburi, maana alidhani kimya kile kilikuwa cha mtoto mwema anayesita kumsingizia mfadhili wake. Wakarudia maneno mara tatu. Kila mara Concilie aliyasema vilevile, bila kupandisha wala kushusha, kama katekisimu. Apolline alimsahihisha hapa na pale. Alimwambia asisahau ile ya mkono.

Alhamisi kamati ilikaa watu watano upande mmoja wa meza ndefu. Apolline alipewa kiti upande wa pili, Concilie kiti kingine hatua tatu kutoka kwake. Kikao kilikuwa kwa Kiingereza, na Kiingereza cha Concilie kilikuwa safi kuliko cha mwalimu wake.

Kwanza aliitwa Liliane. Alisema siku ile alifika ukumbini saa tatu na dakika arobaini, jasho linamtoka, akakuta kiti cha Concilie kitupu. Alikaa kando ya kiti hicho mpaka saa sita, kijitabu mkononi, mwanzoni akidhani mtahiniwa amekwenda kujisaidia, baadaye asijue adhani nini. Mjumbe mmoja akauliza kanuni inasemaje mwandishi akichelewa. Mutabazi akaisoma: mtahiniwa anaongezewa dakika zote alizopoteza. Ilikuwa kwenye ule ukurasa wa mwisho wa mwongozo. Dakika arobaini tu. Apolline alikuwa hajui, na sasa alipojua hakuona pa kuiweka habari hiyo.

Ndipo zamu ya Concilie ikafika. Alisimama bila kuambiwa. Akayatoa maneno ya Jumapili moja baada ya jingine, kwa utaratibu waliokubaliana: nilikuwa kwenye kiti changu, mwalimu alikuja, alinishika mkono, alinipeleka ofisini. Apolline aliyafuata kwa midomo iliyofungwa. Concilie alipofika mwisho, Apolline alifikiri yamekwisha salama.

"Ulimwambia kwamba unataka kungoja?" aliuliza Mutabazi.

"Nilimwambia mara mbili," alisema Concilie.

Hilo la mara mbili hawakuwa wamelifanyia mazoezi. Apolline akageuza kichwa.

"Mara ya kwanza ni ukumbini. Nilisema, Madamu, ningoje tu. Alikuwa ameshaniinua. Mara ya pili ni pale chini ya ngazi. Nilisimama nikamwambia mimi nataka kufanya na wenzangu, kwa sababu nimefanya mitihani yangu yote pembeni tangu nikiwa na miaka kumi na mitatu. Jikoni kwa mwalimu mkuu. Stoo ya shule, kati ya majembe. Nilikuja huku chuoni nikae ukumbini na watu." Akaipitisha fimbo mkono wa pili. "Alisema, wenzako wana macho."

Mezani hakuna aliyeandika.

"Hakusema vibaya," Concilie aliongeza. "Alisema kwa upole."

Apolline alitaka iwe uongo. Aliutafuta uongo huo kwa bidii, akisema moyoni kwamba binti ameongeza chumvi, kama alivyotakiwa, na ameongeza kupita kiasi. Badala yake aliziona ngazi. Aliona vigae vilivyopigwa deki asubuhi ile, mkono wake ukiwa umeushika mkono mwembamba juu ya kiwiko, na mkono ule ukivuta nyuma. Aliukumbuka uzito wake. Alikuwa amedhani binti anaogopa kuteleza. Akaisikia na sauti yake mwenyewe, laini, yenye haraka, sauti ya mtu anayetenda wema na hataki kucheleweshwa: benzako bana macho, mwana wangu, twende.

"Nyabo," alisema Mutabazi, safari hii kwa Kiswahili, "hiyo ni kweli?"

"Ni kweli," alisema Apolline.

Aibu ilimpanda toka miguuni. Alikuwa amekuja amejiandaa kubeba kosa la kutunga, na akakuta ni lake, lilikuwa lake siku zote, tena binti aliyelilipia alikuwa amemwonyesha mara mbili kabla ya mlango kufungwa. Mjumbe mmoja alimuuliza kama ana la kujitetea. Alisema hana.

Walitolewa nje robo saa, wakaitwa tena. Concilie atafanya mtihani tarehe kumi na mbili mwezi wa nane, ukumbini, pamoja na wanaorudia, na waandishi watakuwa wawili ili mmoja akikosekana mwingine awepo. Shirika litaandikiwa barua kwamba kosa si lake. Pevee inafutwa. Mkataba wa Bi Apolline hautafanywa upya, na jina lake litapelekwa kwenye orodha ya wahadhiri wanaohitaji mafunzo zaidi. Mutabazi alisoma hilo la mwisho haraka, kwa sauti ya chini. Nadhani hata yeye aliona kichekesho chake.

Koridoni Concilie alikuwa akitembea mbele, mkono mmoja umegusa ukuta. Apolline alimfikia karibu na ngazi. Angeweza kuomba msamaha, na maneno ya msamaha alikuwa nayo kwa lugha tatu, lakini swali ndilo lililotoka.

"Ile Jumapili, juu ya nini haukuniambia?"

Concilie alisimama. "Jumapili ulikuwa umefurahi, Madamu."

Chini wanafunzi wa muhula mpya walikuwa wanapanga foleni ya usajili, kelele zao zikipanda mpaka juu. Apolline alisema atamsaidia kujiandaa kwa mwezi wa nane, Jumamosi na Jumapili, akitaka. Concilie alimgeukia.

"Naomba nikuulize kitu kimoja," alisema.

"Uliza."

"Ile kumi na sita uliyonipa. Ilikuwa yangu?"

Jibu lilikuwa fupi na Apolline alilitaka litoke upesi. Lakini swali la tatu lilipita kwanza: hatua ya mwisho, kule kumsukuma kidogo, na kumsukuma tena.

"Ilikuwa yako," alisema.

Alikuwa amechelewa kwa muda wa kumeza mate tu. Ila mbele yake alisimama mtu aliyekaa miaka tisa akiwasoma watu kwa vituo vya sauti zao.

"Sawa," alisema Concilie. "Nitaijua yangu mwezi wa nane." Akaikunjua fimbo, akatafuta ukingo wa ngazi ya kwanza, akaanza kushuka.